Muulize mchimbaji angali yupo: ushauri kwa anayekwenda Big Pit, Wales

Nimeshuka mgodi wa Big Pit mara tatu. Mara ya kwanza nilishuka nikapanda bila kupata kitu. Mara ya pili nilikwenda na mama yangu mzazi aliyekuja kunitembelea, naye kwa swali moja tu akanionyesha nilichokosa. Mara ya tatu nilirudi peke yangu, kwa makusudi. Kwa kuwa naishi Cardiff, ndugu na marafiki wanaopita Wales hunipigia: panafaa kwenda? Watoto wataruhusiwa? Nivae nini? Nimekuwa nikiwajibu kwa ujumbe wa sauti, mmoja mmoja. Leo naandika yote mahali pamoja.

Big Pit, kwa Kiwelisi Pwll Mawr, yaani Shimo Kubwa, uko Blaenavon, kusini-mashariki mwa Wales, juu kabisa mwa bonde, mahali ambapo miti huanza kupungua na upepo haukatiki. Jina lake halikutokana na kina. Mashimo ya zama zile mengi yalikuwa membamba, lakini hili lilichimbwa kwa umbo la duaradufu, pana kiasi cha kupitisha njia mbili za magari ya makaa kwa pamoja, na hilo lilikuwa jambo geni. Miaka ya 1920 watu zaidi ya 1,300 walifanya kazi hapa. Mgodi ulifungwa tarehe 2 Februari 1980, ukafunguliwa tena mwaka 1983 ukiwa makumbusho, na tangu 2001 uko chini ya makumbusho ya taifa ya Wales. Blaenavon yote, na viwanda vyake vya zamani, reli zake na vilima vya mabaki ya machimbo, iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Hayo utayasoma kwenye kibao chochote pale. Mimi naona mambo mawili yanautofautisha mgodi huu na makumbusho mengine ya viwanda niliyowahi kuingia. La kwanza, unashuka kweli, mita 90 chini ya ardhi, kwa shimo lilelile walilopita wachimbaji. La pili, anayekuongoza huko chini ni mtu aliyechimba makaa kwa mikono yake. Siyo mwanafunzi aliyekariri maelezo wala kinasa sauti ulichovishwa masikioni. Ni mchimbaji.

Ushauri wangu wote unatoka kwenye hilo la pili, kwa hiyo tafadhali piga hesabu pamoja nami. Mgodi wa mwisho wa kina katika Wales, Tower, ulifungwa Januari 2008. (Tower una historia ya kusimuliwa: baada ya serikali kuufunga, wachimbaji 239 walichanga pauni 8,000 kila mmoja kutoka malipo yao ya kuachishwa kazi, wakaununua wenyewe na kuuendesha tangu 1995 mpaka makaa yalipokwisha.) Wa mwisho wa kina katika Uingereza nzima, Kellingley huko Yorkshire, ulifungwa Desemba 2015. Kijana aliyeanza kazi mwaka 1979 akiwa na miaka 16 leo ameshapita sitini. Mwaka 1920 kusini mwa Wales kulikuwa na wachimbaji 271,000. Leo karibu hakuna kijana anayejifunza kazi ile. Kizimba cha kushushia watu na mtambo wa kukivuta vikitunzwa vitakuwepo hata wajukuu wetu waje. Hawa wazee hawatakuwepo. Ndiyo maana nasema: ukienda, panga siku yako yote kumzunguka huyo mzee anayekuongoza.

Mara ya kwanza sikulijua hilo. Tulikwenda marafiki wanne, Jumamosi ya Agosti shule zimefungwa, tukafika saa sita mchana. Foleni ilikuwa ndefu, watoto wanalia, nasi tuna njaa. Nilikuwa nimevaa viatu vyepesi vya kitambaa, na huko chini maji yanatiririka kando ya njia. Nikarudi juu vidole vimeganda. Lakini kosa langu kubwa halikuwa viatu. Ziara nzima nilikuwa nikiwaza picha ambazo sikuweza kupiga. Mwongozaji alipouliza kama kuna mwenye swali, nikauliza: "Kazi ilikuwa ngumu?" Akajibu, "Ndiyo." Tukaendelea kutembea. Mpaka leo naona aibu kwa swali lile, kwa sababu nilimnyima nafasi ya kusema chochote.

Basi tuanze na picha, maana ndizo zinazowakasirisha wageni wengi. Kabla ya kushuka utavuliwa kila kitu chenye betri au kinachoweza kutoa cheche: simu, kamera, saa ya mkononi ya betri, ufunguo wa gari wenye rimoti, sigara za umeme, kiberiti. Vinawekwa pembeni, unarudishiwa ukipanda. Wengine hudhani ni ukali wa wafanyakazi, na nimeona mtu akibishana nao kwa dakika nzima. Usibishane. Makaa ya mawe hutoa gesi ya methani, na methani ikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani, cheche ndogo inatosha kuilipua. Kwa sheria, Big Pit bado unahesabiwa kuwa mgodi na unakaguliwa na wakaguzi wa migodi. Mgeni anafuata masharti yaleyale aliyoyafuata mchimbaji. Kama una kifaa cha tiba chenye betri mwilini au sikioni, piga simu kabla ya safari uulize. Usisubiri kuulizia mlangoni.

Baada ya kuvuliwa, unavishwa. Kofia ngumu, taa ya kichwa, na mshipi mzito unaobeba betri ya taa pamoja na kikopo cha chuma cha kujiokoa. Mshike huyo mwongozaji hapohapo umuulize kikopo ni cha nini, kwani maelezo yake ni mafupi na yanatisha. Moto ukiwaka chini, kinachoua wengi si moto bali kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Kile kikopo huigeuza kuwa kaboni dioksidi unapovuta pumzi kupitia kwake, na kinakupa muda wa kutembea kutoka nje. Muda wa kutembea tu, basi. Mshipi ule utauhisi kiunoni ziara nzima, na ni vizuri uuhisi. Zamani kazi ya kuonya ilikuwa ya ndege mdogo wa manjano, kanari, ambaye huzidiwa na gesi ile kabla ya mtu. Migodi ya Uingereza iliacha kuwatumia kuanzia mwaka 1986 tu.

Kisha kizimba. Ni sanduku la chuma lenye matundu, mnasimama mmebanana bega kwa bega na watu msiowajua. Sikiliza kengele. Ishara zake ni lugha kamili: ukisikia ikilia mara tatu, anayeendesha mtambo anaambiwa kwamba safari hii anabeba watu, siyo makaa, apunguze mwendo. Mama aliposikia kengele ile alinishika mkono, nami nilimweleza maana yake kwa Kiswahili. Akasema, "Basi wametuheshimu," akatulia.

Safari yenyewe ya kushuka si ndefu. Mwanga wa juu unapungua, unyevu unakupiga usoni, halafu unajikuta umesimama kwenye njia iliyochongwa ndani ya mwamba. Hakuna joto la kutisha kama wengi wanavyodhani. Kuna baridi na upepo, kwa sababu hewa inasukumwa kupita humo wakati wote. Vaa sweta hata kama juu ni kiangazi. Vaa viatu vilivyofunga mguu. Sehemu nyingine dari iko chini na utaipiga kwa kofia mara mbili tatu. Mrefu atainama sana, na mwenye maumivu ya mgongo afikirie mapema. Ziara inachukua kama dakika hamsini, na hakuna pa kukaa ukichoka. Mama yangu ana goti bovu. Tulimwambia mwongozaji kabla ya kushuka, naye akamweka mbele karibu yake na kulilinganisha kundi zima na mwendo wa mama. Mwambie. Wamezoea. Anayetumia kiti cha magurudumu naye anaweza kushuka, lakini hilo hupangwa kwa simu kabla ya siku yenyewe.

Utaonyeshwa milango ya hewa, mizito kwa sababu ya mgandamizo wa upepo upande mmoja. Hapo ndipo walipokaa watoto. Kazi ya mtoto ilikuwa kukaa gizani nyuma ya mlango, akisikia gari linakuja aufungue, likipita aufunge. Siku nzima. Mwaka 1842 bunge la Uingereza lilipiga marufuku wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka kumi kufanya kazi chini ya ardhi, maana yake ni kwamba kabla ya hapo wote walikuwa humo, na baada ya hapo mvulana wa miaka kumi aliendelea kuwemo kwa ruhusa ya sheria. Mwongozaji atawaomba mzime taa. Msizime kwa mzaha, na kama una mtoto mwoga mshike kabla. Giza lile silifananishi na la usiku. Usiku macho huzoea. Pale hakuna cha kuzoea. Mama alisema baadaye kwamba aliupeleka mkono mpaka puani asiuone, na kwamba alimfikiria mtoto wa mlangoni akiwa na mshumaa mmoja ambao familia ilikuwa haina uwezo wa kuuongeza.

Utaonyeshwa pia mazizi. Ndiyo, mazizi chini ya ardhi, kila farasi na nafasi yake, na jina lake limeandikwa. Walivuta magari ya makaa, na miaka ya mwisho ya kazi yao walipandishwa juu kwa likizo ya kiangazi mgodi ulipofungwa wiki mbili. Simameni hapo. Wageni wengi hupapita haraka kuelekea mashine, lakini wazee nimewaona wakilainika sauti wakifika kwa farasi. Mmoja alitusimulia alivyosikia kwa baba yake kwamba farasi aliwajua watu kwa harufu ya mikate yao, na kwamba ukiitundika koti lenye chakula karibu naye, utakuta mfuko umechanwa.

Sasa swali la mama.

Tulikuwa karibu kumaliza. Mwongozaji, mzee mwenye mabega mapana na makovu ya bluu kwenye vidole (vumbi la makaa likiingia kwenye jeraha, ngozi hufunga juu yake na rangi haitoki tena), aliuliza kama kuna maswali. Watu wakauliza mgodi una urefu gani, walichimba tani ngapi. Akajibu vizuri, kwa namba. Mama akanigusa. "Mwanangu, muulize huyu baba: hizi nguo alikuwa anazifua nani?"

Nikatafsiri. Mzee akanyamaza, akamtazama mama, akavua kofia. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe alianza kazi wakati mabafu ya mgodini yapo, lakini bibi yake hakubahatika hivyo. Bibi alikuwa na mume na watoto watatu wa kiume, wote wachimbaji, zamu tofauti. Maana yake nyumba ile ilikuwa na mtu mchafu anayerudi asubuhi, mchana na usiku, na maji ya moto jikoni saa zote. Beseni la bati liliwekwa mbele ya moto, mwanamume akajikunja ndani yake, mke akamwagia. Wengine hawakukubali kuoshwa mgongo, waliamini unadhoofika. Nguo zilipelekwa uani zikapigwa ukutani vumbi litoke kabla ya kufuliwa, na vumbi lile alilivuta aliyezipiga. Kulikuwa na watoto wadogo waliounguzwa na maji yale nyumba baada ya nyumba, kwa sababu beseni la maji yanayochemka lilikuwa sakafuni wanapotambaa. Bibi yake, alisema, hakuwahi kushuka mgodini hata siku moja, na mgodi ulimmaliza kama ulivyommaliza babu.

Kundi zima lilikuwa kimya. Mzee akamwambia mama kwamba miaka yote anaongoza wageni, wanaomuuliza kuhusu nguo ni wanawake wenye umri kama wa mama, na huwa hawatoki nchi moja. Mama akajibu, nami nikatafsiri, kwamba uchafu wa kazi haukai kazini, lazima mtu aupokee mlangoni. Tulipopanda juu mzee alimsindikiza mama kwa mkono mpaka penye kurudisha kofia.

Ndipo nikaelewa jinsi ya kuuliza. Maswali ya namba majibu yake yako ukutani; usimpotezee mzee muda wake. Muulize mambo ambayo mwili unakumbuka. Ulikula nini huko chini, na ulikula wapi? (Utasikia habari za kopo la bati la mviringo lililofungwa sana ili panya wasiingie, na kwamba mikono haikuwa na pa kunawia.) Uliyefanya naye kazi alikuwa nani? Ulijuaje kwamba dari si salama? Siku ya kwanza nani alikupeleka? Maswali ya namna hii hayataki ujuzi wowote wa migodi. Yanataka kumwona mbele yako mtu aliyekuwa na mama, njaa na woga.

Kuna swali moja ambalo nakuomba uliulize kwa adabu, na ikiwezekana pembeni, siyo mbele ya kundi: mgomo wa 1984 na 1985. Wachimbaji waligoma karibu mwaka mzima kupinga kufungwa kwa migodi, wakarudi kazini Machi 1985 bila kupata walichodai, na migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kuna familia mabondeni ambazo hazijasameheana hadi leo kwa sababu ya nani alirudi mapema. Mzee akitaka atakuambia. Akigeuza mazungumzo, mwache.

Ukipanda juu usikimbilie gari. Nenda moja kwa moja kwenye jengo la mabafu, lililojengwa mwaka 1939, na sasa baada ya hadithi ya yule bibi utaliona kwa macho mengine. Mara ya kwanza nililipita kama mtu anayepita chooni. Mara ya pili mama alikaa humo muda mrefu kuliko tuliokaa chini ya ardhi. Kuna makabati ya upande mchafu na makabati ya upande safi: unavua nguo za kazi huku, unapita kwenye maji, unavaa nguo zako za nyumbani kule, unarudi kwa watoto ukiwa na sura yako. Makabati yalipitishwa hewa ya moto ili nguo zikauke kabla ya zamu ya kesho. Mama alipitisha kiganja kwenye mlango wa kabati moja akasema hili ndilo angelijenga kwanza, kabla ya shimo lenyewe. Humo humo kuna maonyesho kuhusu maisha ya wachimbaji, magonjwa ya mapafu yaliyotokana na vumbi, na harakati za vyama vyao. Kuna kantini pia, na chai yao inafaa baada ya baridi ile.

Kuna ukumbi mwingine unaoonyesha kwa sauti na taa jinsi mashine za kisasa zilivyochimba makaa. Ni mzuri kwa watoto na kwa asiyeweza kushuka. Karakana ya wahunzi na nyumba ya mtambo wa kizimba zinatosha dakika chache, isipokuwa kama wewe ni fundi, hapo utakaa.

Kuhusu watoto: anayeshuka sharti awe na urefu wa mita moja angalau. Siku ile na mama tulikuwa na mpwa wangu wa miaka minne, tukampima, akapungukiwa kidogo, akalia sana. Dada yangu alibaki naye juu, na kwa kweli ilikuwa heri, kwani giza lile lingemtia hofu. Mpime mtoto nyumbani kabla hujamwahidi.

Kuhusu gharama: kuingia makumbusho ya taifa ya Wales ni bure, lakini usilibebe neno hilo kama linahusu kila kitu. Maegesho ya gari hulipiwa, na utaratibu wa ziara ya chini hubadilika, kwa hiyo soma tovuti yao wiki unayokwenda, uweke nafasi kama inaruhusiwa. Ziara ya mwisho hushuka mapema kuliko saa ya kufunga milango. Fika asubuhi, siku ya kazi, nje ya likizo za shule. Kundi likiwa dogo, mzee huongea zaidi. Sina ushauri wenye thamani kuliko huo katika sehemu hii. Asiye na gari apande treni mpaka Newport, achukue basi la kwenda Blaenavon, halafu kuna mwendo wa kupanda mlima mpaka mgodini. Kama una mzee, panga teksi mapema kwa kipande hicho. Na ukiwa Blaenavon una muda, pitia mabaki ya kiwanda cha chuma kilichoanza mwaka 1789. Makaa, chuma na chokaa vilipatikana karibu karibu kwenye mlima mmoja, na ndiyo sababu mji mzima uliota hapo.

Kuna wanaotaka kuunganisha safari hii na mabonde mengine, na hapo naomba tuelewane. Senghenydd, bonde jingine kusini humo humo, tarehe 14 Oktoba 1913 mlipuko uliua wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja, na hakujawahi kutokea ajali mbaya zaidi ya mgodi Uingereza. Aberfan, tarehe 21 Oktoba 1966, kilima cha mabaki ya mgodi kilicholoweshwa na mvua kiliporomoka juu ya shule asubuhi: watu 144 walikufa, 116 kati yao watoto. Penye shule pamekuwa bustani ya kumbukumbu, na makaburi yako mlimani. Watu waliofiwa bado wanaishi mtaa uleule. Ukienda, nenda kama unavyokwenda msibani: sauti chini, simu mfukoni, usiulize wapita njia. Mama alitaka kwenda, tukaenda, tukakaa kwenye benchi tukamwombea kila mmoja, tukaondoka.

Mara ya tatu nilirudi Big Pit mwezi wa Novemba, Jumanne, mvua inanyesha. Tulikuwa watu watano. Mwongozaji hakuwa yule wa mama; alikuwa mwingine, mwembamba, mwenye kikohozi. Nilimuuliza juu ya dari. Akachukua fimbo akagonga juu ya vichwa vyetu, akatuambia tusikilize. Mwamba uliokaza hutoa mlio mkavu, mfupi. Akasogea hatua chache, akagonga mahali palipo na mlio mwingine, wenye uvungu, kama ngoma. "Hapo," akasema, "usingekaa kula." Kisha akatueleza kwa nini wazee walipenda nguzo za mbao kuliko za chuma: mbao ikizidiwa hulia kwanza. Inapasuka kidogo kidogo, unaisikia, unakimbia. Chuma hunyamaza mpaka kinapokunja. Akatupa fimbo tugonge wenyewe, kila mmoja, na alitusahihisha kwa ukali wa mwalimu kweli, kana kwamba kesho tuna zamu.

Nilikuwa na swali jingine, nililotumwa. Mama alinipigia jana yake, akasema: muulize huyo utakayempata, mgodi wake ulipofungwa, asubuhi ya kwanza aliamka saa ngapi?

Nilimuuliza tukisubiri kizimba. Alikohoa, akasema aliamka saa kumi na nusu alfajiri, kama siku zote. Alivaa, akashuka jikoni, mkewe akamkuta amekaa mezani na kopo lake la chakula limefungwa tayari. Hakuna aliyesema kitu. Mkewe alilifungua lile kopo, akaweka mikate kwenye sahani mbili, wakala pamoja gizani, mara ya kwanza siku ya kazi tangu waoane.

Kengele ikalia mara tatu. Juu nilirudishiwa simu yangu, nikamwandikia mama jibu lote nikiwa bado nimevaa kofia.